Kwa Mkwe Hawakatai

Simu ya Mwalimu Yohana iliingia nikiwa kikaoni. Nikaikata, ikaingia tena. Nilipotoka koridoni kuipokea aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, kwamba mama ametutoka na wanazika kesho Kibakwe. Nilirudi ndani kumwomba ruhusa bosi wangu, akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikamjibu, mama. Akasita, maana alishawahi kuja kunipa pole ya msiba wa mama, na kwenye faili la utumishi mtu hana mama wawili. Sikumfafanulia. Asubuhi yake nilikuwa kwenye basi la Mpwapwa, na kutoka Mpwapwa nikapata gari dogo la kupanda vilima, na njia nzima nilikuwa naurudia mwaka mmoja tu wa maisha yangu. Watu husema ujana huisha kwa ndoa au kwa mtoto wa kwanza. Mimi sikuwa na kimoja wala kingine. Wangu uliishia kwenye benchi la mbao, nje ya chumba cha endoskopi, nikiwa na miaka thelathini na sita, mwaka wa pili tangu ofisi yetu ihamie Dodoma.

Nilikuwa nimepanga Area D, chumba cha uani chenye mlango wake, ukuta mmoja nikichangia na sebule ya mama mwenye nyumba. Kupitia ukuta ule niliijua familia ile kuliko nilivyomjua mtu yeyote wa ofisini: nani kakataa kuoga, nani kafeli hesabu, nani kapewa paja la kuku na nani kaonewa. Walipokuwa wakila nilisikia vijiko vyao, na mimi nikiwa nimekaa kitandani na chai ya rangi na mkate, nilikula polepole ili tumalize pamoja. Ijumaa jioni wenzangu walipanda mabasi kurudi Dar kwenye familia zao, mji ukabaki na sisi tusio na pa kwenda, na upepo unaopiga mabati. Nilizoea kuwaambia watu kwamba napenda utulivu. Uongo mtupu. Nilikuwa mpweke, basi, na upweke ule ulikuwa unauma kama jino.

Tumbo nalo likaanza. Ofisini kwetu kila mtu ni daktari wa vidonda vya tumbo: huyu anakupa juisi ya kabichi, yule asali, mwingine anakwambia uache mawazo, utafikiri mawazo ni viatu vya kuvua mlangoni. Nilimeza vidonge vya duka la dawa hadi muuzaji mwenyewe akanichoka, akaniambia dada, nenda ukamezeshwe ule mpira wenye kamera. Nikaenda. Hapo bencheni ndipo nilipomkuta Mama Nyemo, mkulima wa Kibakwe, mwembamba, kajitanda kanga mbili juu ya sweta la kiume. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniongezea mbukwa, salamu ya Kigogo, na nilipobabaika kuijibu akacheka hadi wagonjwa wengine wakageuka. Akaniuliza nimekuja na nani. Nilipomwambia niko peke yangu aliacha kucheka, akanitazama kama mtu aliyeambiwa nimetoka nyumbani bila nguo.

Nje ya mlango, juani, alikuwa amesimama mwanamume mrefu mwenye shati la mikono mirefu, ilhali ndani benchi lilikuwa na nafasi. Nilimwambia Mama Nyemo amwite akae. Alishtuka. Yule alikuwa mkwe wake, Mwalimu Yohana, mume wa binti yake Nyemo, na mtu na mama mkwe wake hawakai benchi moja, hawatazamani usoni, hawaonani wakila, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa baina yao. Yohana alimfikisha mlangoni, akasubiri nje, na mama akitoka angemfuata kwa nyuma hadi nyumbani kwake, hapohapo Dodoma. Ugumu ulizidi kwa sababu Nyemo alikuwa Mpwapwa kwenye mafunzo ya mifugo, mwaka mzima, kwa hiyo mama alifikia kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwambia hapa naumwa, hapa siumwi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga, lakini wahenga hao sijui kama walikuwa na wakwe.

Siku hiyo walituchukua vinyama vya kupeleka maabara, kila mtu chake. Majibu yalipotoka, Daktari Kimaro alituita mmoja mmoja. Aliniambia ni saratani, lakini ya mwanzo kabisa, bado iko kwenye utando wa ndani wa tumbo, haijachimba chini. Lile "lakini" nililisikia baadaye sana. Alikuwa mtu mvumilivu. Aligeuza boksi la glavu akanichorea. Njia ya kwanza yeye mwenyewe aliimudu: unapitisha mpira mdomoni, unachoma maji chini ya doa hadi liinuke kama lengelenge, unalizungushia kitanzi cha waya, unabana, unakata kwa umeme. Ni kazi ya muda mfupi. Doa likiwa dogo hutoka zima. Likiwa pana kitanzi hakitoshi, unalikata vipande, na vipande vikifika maabara hakuna anayeweza kuapa kwamba ukingo wote umetoka, kwa hiyo mgonjwa anarudi kupimwa, na kurudi, na kurudi. Njia ya pili hutumia kisu kidogo mno kinachochomoza kwenye ncha ya mpira uleule. Unalizunguka doa kwa nje, kisha unalichuna kutokea chini taratibu, mpaka litoke zima na ukingo wake, na maabara inakwambia wazi limekwisha au halijaisha. Lakini hiyo inakula saa nyingi, damu inaweza kutoka, tumbo linaweza kutoboka, na yeye alikuwa bado anajifunza. Ya tatu, alisema, ipo siku zote, nayo ni kupasua na kuondoa sehemu ya tumbo lenyewe.

Nilitoka pale na maelezo kichwa kizima. Mama Nyemo, aliyeingia baada yangu na kukutwa na ugonjwa uleule, alitoka na maneno machache. Aliniambia kwa sauti ya chini, huku akiangalia kama mkwe hasikii, kwamba moja ni kumega na moja ni kuchuna, na kwamba yeye angependa kuchunwa.

Mwezi uliofuata hospitali ilipokea kambi ya madaktari bingwa, na kati yao alikuwamo Mjapani mmoja mpole ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya kuchuna. Siku zake zilishajaa wagonjwa wengine, ikabaki asubuhi moja tu, ya siku ya mwisho, na jioni yake alikuwa anaruka. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia nikisubiri kupimwa damu nilipowasikia yeye na Daktari Kimaro wakitujadili. Doa la mama wa Kibakwe ni pana, kitanzi kitalivunja vipande vingi. La huyu wa serikali ni dogo, ingawa limekaa vibaya kwenye kona, huenda likatoka vipande viwili. Huyu anaishi mjini, kurudi kupimwa si shida kwake. Basi kuchuna apewe mama, huyu akatwe kwa kitanzi siku hiyohiyo. Nilijua ni haki. Nililia hata hivyo, kimya, pazia likiwa limefungwa.

Muuguzi akaniwekea sharti moja: nije na ndugu. Bila ndugu wa kuweka sahihi na kunisindikiza, hawanigusi. Nikasema nitamleta. Jioni ile nilikwenda mlangoni kwa mama mwenye nyumba nikiwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Alipofungua, nikamwomba chumvi. Nikarudi na chumvi yangu chumbani, nikaketi, nikaisikiliza familia yake ikila.

Kwa hiyo siku yenyewe nilifika peke yangu, nikitegemea kuomba huruma. Mama Nyemo alikuwa tayari kavaa gauni la hospitali. Muuguzi alisimama mlangoni akamuuliza kwa kunong'ona kama tangu jana ametia chochote mdomoni, na Mwalimu Yohana alikuwa palepale nje, hatua mbili kutoka alipo muuguzi. Mama aliangalia sakafu, akatikisa kichwa. Wakamwingiza. Haukupita muda mrefu Daktari Kimaro akatoka anavua glavu kwa hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani. Walikuwa wamepitisha mpira kwanza, kabla ya usingizi, waliwekee doa alama. Tumbo lilikuwa limejaa ugali na mlenda. Walijaribu kuosha, mlenda ukazidi kuteleza na kujipaka ukutani, doa lisionekane kabisa. Mtaalamu wa usingizi akakataa kumlaza, chakula kisije kikaingia mapafuni. Na Mjapani alikuwa anaondoka jioni.

Mama alitoka kwa miguu yake, akaketi kando yangu. Nilimnong'oneza kwa nini amekula.

"Aliamka kabla ya jogoo," akasema. "Mwanamume, mwanangu. Kasonga ugali mwenyewe, kachemsha mlenda mwenyewe, kafunika mezani, katoka nje ili nile. Eti mama haendi hospitali na njaa."

"Ungemwambia umekatazwa."

"Nimwambie nini? Tumbo? Yohana?" Akatikisa kichwa. "Kwa mkwe hawakatai."

Nilimuuliza kama asingeweza kukimwaga kile chakula mahali. Aliniangalia kwa huruma. Ulikuwa ni unga wa uwele alioubeba yeye mwenyewe kutoka Kibakwe, mwaka ambao mvua zilikuwa za kuhesabu, na nilichokuwa nasema hakikuwa na maana yoyote kwa mtu aliyelima.

Daktari Kimaro alirudi, akasimama mbele yangu. Akaniuliza kama mimi nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana mchana. Kwa mara ya kwanza mwaka ule upweke wangu ulinifaa: hakukuwa na mtu wa kunipikia. Akaniambia mgeni yuko tayari, chumba kiko tayari, doa langu anaweza kulichuna likatoka zima, ila niamue sasa hivi. Nikamtazama Mama Nyemo. Hakunitazama. Nikasema ndiyo. Kisha akauliza ndugu yangu yuko wapi, na muuguzi akaanza kukunja faili.

"Mimi hapa," akasema Mama Nyemo.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Huyu mwanangu."

Daktari alijua, na muuguzi alijua. Wakamletea wino, akaweka dole gumba. Kabla sijaingizwa ndani alimshika muuguzi mkono, akanishika na mimi, akasema jambo lake moja: yule aliyesimama nje asije akajua habari ya chakula. Aambiwe wageni wamekosa muda. Mkwe amemheshimu kwa mikono yake mwenyewe, alisema, asilipwe kwa kuvunjwa moyo. Tukakubali wote wawili.

Nilipozinduka alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, kavaa kanga zake, anasinzia. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Mwalimu Yohana naye alikuwa bado nje, kutwa nzima, akisubiri bila kujua anamsubiri nani. Siku kadhaa baadaye maabara ikasema doa langu limetoka zima na ukingo wake ni safi pande zote. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi, kisha nikafurahi tena, na hali hiyo haijaniisha kabisa hadi leo.

Mama Nyemo alimegwa. Daktari Kimaro alimshauri aende Dar akasubiri wa kumchuna, akakataa kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na shamba halisubiri, na daktari naye alikuwa anaogopa kulichelewesha doa. Akamfanyia kwa kitanzi, vipande vitano au sita, akamwambia arudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Na kila mara, kabla ya kupimwa, alale njaa. Siku aliyopewa tarehe ya kwanza alinipigia simu, akaniambia kwa namna ya mtu anayetoa amri.

"Nitalala kwako. Kwako naweza kukataa."

Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Kwao aliaga kwamba anakwenda kliniki kuchukua dawa, bila kutaja njaa ya kipimo, na kwa mkwe, Nyemo akiwa bado masomoni, hapakuwa na wa kumhoji. Alifika na basi la mchana, vumbi hadi kwenye nyusi, anavua viatu, anakaa kitandani kwangu maana kiti kilikuwa kimoja na alikidharau. Sikuwasha jiko. Ingekuwa ukatili kula mbele yake, kwa hiyo nami nililala njaa, na tuliketi pale wawili, matumbo yakinguruma kwa zamu, tukisikiliza vijiko vya upande wa pili. Alizipenda sana habari za ukutani. Mtoto wa mwisho alipolia alikuwa anasema huyo wanamwonea, nyama wanampa shingo. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza Dodoma: nani ananikuna mgongo, nani atajua nikifa usiku. Nilimjibu kweli. Alikuwa anakoroma, kitanda kilikuwa kidogo, na nililala vizuri kuliko usiku wowote mwingine wa mwaka ule. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona hasa. Halafu asubuhi anapimwa, anatoka, anakwenda kwa Mwalimu kusalimia, na kule anakula sufuria zima, na mimi narudi kwenye chumba chenye kiti kimoja ambacho ghafla kimekuwa kikubwa mno. Mama mwenye nyumba aliwahi kuniuliza mbona mgeni wangu akija jiko haliwaki. Nikamwambia huwa ameshakula. Aliniangalia sana.

Kipimo cha mwisho cha mwaka ule ndicho kilichokiona: kwenye ukingo wa kovu, kijidoa chekundu. Daktari Kimaro alichelewa kutoka, na nilipomwona anatafuta boksi la glavu la kuchorea nilijua. Safari hii hakuchora kitanzi wala kisu kidogo. Walimpasua, wakaondoa sehemu ya tumbo, na akaishi. Aliishi miaka, nashukuru kwa hiyo miaka, akila kidogo kidogo kama ndege na kunipigia Jumapili baada ya kanisa. Masika haya maumivu yakarudi, na hayakumpa muda. Nilimuuliza Daktari Kimaro kama ni ugonjwa uleule. Akasema huenda, na huenda siyo. Nikamuuliza kama angechunwa siku ile, badala yangu. Akasema hata kuchuna hakuna kiapo, na akanitaka nisirudie swali hilo. Sijalirudia kwake. Nafsini mwangu nalirudia kila ninapokula nikashiba bila maumivu.

Tulimzika mchana, mlimani, upepo ukivuta kanga za wanawake. Nyemo nilimkumbatia, ana uso uleule wa mama yake, sikuweza kumtazama kwa muda. Jioni watu walipopungua Mwalimu Yohana alikuja nilipokuwa nimeketi na wazee wachache wa ukoo, akaomba kusema neno. Ameota mvi. Kwa kuwa mama aliniita mwanawe, mimi humwita shemeji. Alisema ana jambo limemkaa moyoni miaka mingi, na hapendi lizikwe ndani yake.

Alisema mama alipokuwa akija Dodoma kliniki alichagua kulala kwangu, naye hakulalamika, kwa sababu anajua ugumu wa mama kulala kwa mkwe. Lakini kila alipotoka kwangu alifika kwake na njaa inayotia aibu. Mtu mzima, mgonjwa. Hakuwahi kumsema mtu, ila nyumba nzima ya Kibakwe inajua kwamba kwa dada wa Dodoma mama alikuwa analala njaa. Wazee wakaangalia chini. Nyemo alisema, basi, baba Amani, lakini hakusimama kumzuia.

"Mimi kwangu," akaendelea, "mama hakuwahi kutoka na njaa. Hata siku ile wageni walipokosa muda. Nyemo hayupo, mimi mwanamume, niliamka nikasonga mwenyewe. Nimekuwa najiuliza juzi na jana kama kuna nilichomkosea mama. Nikikumbuka asubuhi ile, napata amani."

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, yote, kwa mpangilio. Nyemo alikuwa ananitazama, wazee walikuwa wananisubiri, na mimi sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia ukweli ule isipokuwa yule tuliyemfukia mchana.

"Ni kweli, shemeji," nikasema. "Kwangu alilala njaa. Naomba mnisamehe."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya wazee, akasema wamenisamehe.